Maneno Ambayo Mzee Songoro Hakuyasema

Gongoni, Tabora
14 Machi 1954

Mwanangu Mabruki,

Salamu kutoka kwetu sote, na kwanza kabisa kutoka kwa mama yako, ambaye kila nikikaa kuandika husimama nyuma ya kiti changu na kuniambia nikuulize kama unakula. Basi, unakula? Umeulizwa. Mimi baba yako mkubwa sijambo, isipokuwa goti la mguu wa kukanyagia cherehani limeanza kulia kama bawaba kuukuu. Mvua zimekuja vizuri, karanga zimestawi. Mama yako amekufungia matobolwa, vile viazi vikavu uvipendavyo, katika kitambaa, yatakuja kwa meli. Usiwagawie Wahindi yote.

Sasa furaha. Mwanangu Mussa amepata mchumba, binti wa watu wa Bukene, wale wenye duka karibu na stesheni. Ni watu wanaohesabu babu zao mpaka Maskati, au ndivyo wanavyosema. Tumepeleka posa, wameipokea. Lakini kama ilivyo desturi wameulizia nyumba yetu: nani anakaa humo, katoka wapi, mama yake nani. Wakaambiwa kuna mwanamke chumba cha uani, anaitwa Tatu, mtoto wa mjakazi Maua. Wakasema binti yao hawezi kuingia nyumba ambayo kila asubuhi atamwamkia shikamoo mtoto wa mjakazi.

Nikamwambia Tatu atafute pengine pa kukaa. Kwa adabu nilimwambia. Kakataa! Kaenda kwa Liwali kunishitaki, eti yeye ni mtoto wa Songoro kama mimi, na kama alivyokuwa marehemu baba yako, na nyumba ni yetu sote.

Unaikumbuka karatasi ya usia wa babu yako Songoro, aliyoandikiwa na mwalimu wa chuo cha Kurani mwaka 1924. Mwaka 1945 nilikuita uinakili, maana wewe ndiye uliyekuwa na mwandiko mzuri. Mwaka uliofuata mchwa wakaila ile ya asili. Mwalimu kafa, mashahidi wamekufa, imebaki nakala yako. Ninayo mbele yangu hapa. Inasema, «Nyumba hii ni ya wanangu wote.» Halafu inamaliza, «Na Maua alikuwa mjakazi wangu, na binti yake Tatu hana fungu wala makazi katika nyumba yangu, hata akiachwa na mumewe.»

Liwali huyu ni mgeni hapa, hajui habari zetu. Anataka kauli ya aliyenakili. Niandikie mistari miwili tu, kwamba ulinakili neno kwa neno kama ilivyokuwa katika karatasi ya babu yako. Utie sahihi, ulete kwa ndege.

Wako baba mkubwa,
Feruzi bin Songoro


Benares
2 Mei 1954

Shikamoo Baba Mkubwa,

Nakula, mwambie mama. Nakula wali na dengu mpaka nimeanza kuota ugali. Matobolwa yalikuja jana, nami nimeshayamaliza. Nilimgawia mtu mmoja tu, akauliza ni mizizi ya mti gani. Joto la hapa halisemeki. Keshokutwa tunaanza mfungo, tuko Waislamu kumi na mmoja bwenini, na mpishi ameahidi kutuwekea daku. Mpe Mussa hongera zangu.

Kuna jambo sijakueleza, na afadhali ulisikie kwangu. Ualimu naendelea nao, lakini tangu Januari nimeongeza somo jingine: falsafa ya Wabudha wa kale, katika vitabu vyao vya Kisanskriti. Tafadhali usiruke kitini. Siabudu kitu, nasoma. Hata mwalimu wangu, Pandit Vishvanath, si Mbudha. Ni Mhindu anayeoga mtoni kila alfajiri, na nusu ya yaliyomo vitabuni hayakubali, lakini anavisoma kwa makini kama mtu anayemsikiliza mgeni wake.

Vitabu vyenyewe vingi vilipotea hapa India zamani sana. Vilivyobaki vimechakaa, na vingine vimebaki katika tafsiri tu, za Kitibeti na Kichina. Kwa hiyo tunakaa watatu mkekani. Pandit anashika Kisanskriti. Mtawa mmoja kutoka Tibeti anashika tafsiri ya kwao, iliyofanywa miaka elfu iliyopita. Mimi nashika ya Kiingereza, na kazi yangu ni kupaza sauti pale zinapotofautiana. Kuna siku tunamaliza mistari mitatu, na Pandit anasema tumekimbia.

Mafundisho yao makubwa ni kwamba hakuna kitu kinachosimama kwa asili yake yenyewe. Kila kitu kiko kwa sababu kimeegemea kingine. Hata baba hawi baba mpaka mtoto azaliwe. Siku ya kwanza nilicheka. Siku ya tano sikucheka tena, nikaanza kuyaangalia mambo mengi upya, hata ya nyumbani.

Mafuta ya taa ya bweni ni machache, nafunga hapa. Habari ya nakala nimeisoma. Nitaandika.

Mwanao,
Mabruki


Gongoni, Tabora
8 Juni 1954

Mabruki,

Marahaba. Idi imepita salama, tumechinja, tumekula, mama yako kavaa kanga mpya niliyompindia mwenyewe.

Kurasa za wafu wa Tibeti, na mstari mmoja wa shauri langu! «Nimeisoma. Nitaandika.» Hivyo ndivyo anavyojibiwa mzee? Nilikuomba mistari miwili. Mtu anayemaliza mistari mitatu kwa siku, miwili ingemchukua asubuhi moja.

Yule Mhindi wa duka la vitambaa kaniambia Benares ni mji wa kuchomea maiti mtoni, na masanamu kila kona. Nikamwambia mwanangu yuko huko anasomea ualimu. Sikumwambia hilo jingine. Msikitini wakiniuliza unasoma nini, nakohoa. Ndipo uliponifikisha, Mabruki, mzee mzima nakohoa.

Na huyo Pandit wako, kama hakuna kitu chenye asili yake, mwambie aje Tabora akae kwenye kiti changu kisicho na asili, anishonee kanzu kumi na mbili kabla ya Ijumaa, tuone goti litakalouma ni la nani. Lakini hilo la baba na mtoto nimelikubali. Na wewe likubali. Marehemu Ramadhani aliyekuzaa alipofariki ulikuwa huwezi kufunga kamba za viatu. Nani alikuwa baba yako tangu siku ile?

Liwali ameweka siku, tarehe 30 Agosti. Watu wa Bukene wamesema watangoja mpaka hapo, si zaidi. Tatu anapita uani kila siku na ndoo yake, ananiamkia kama kawaida, «Shikamoo bwana,» kama vile hajanishitaki. Ananitia wazimu.

Mama yako bado yuko chumba cha mashariki, kile chenye dirisha kubwa. Anakusalimu.

Feruzi


Benares
27 Juni 1954

Shikamoo Baba Mkubwa,

Natumaini goti limepoa. Mwambie mama kanga nimeiona kwa macho ya moyo. Mimi nilikuwa na homa siku nne, sasa mzima.

Neno lako kuhusu chumba cha mama nimelielewa. Sitalijibu.

Nitakueleza kwa nini nilichelewa, na uniwie radhi nikianza mbali. Mwezi wa nne, barua yako ya kwanza ikiwa imeshafika, tulikuwa katika kitabu kimoja, hoja baada ya hoja. Tukafika kwenye sentensi ambayo wanafunzi wote hapa wanaijua kwa moyo. Pandit akaisoma kwa Kisanskriti. Mimi nikaisoma kwa Kiingereza. Zamu ikawa ya mtawa. Pandit akamwangalia. Mtawa akageuza ukurasa, akaurudisha, akasema, «Kwangu haipo.»

Tukafikiri mfasiri wa Kitibeti aliiruka. Mtawa akakasirika kwelikweli, akasema wale watu hawakuruka hata neno dogo, ndiyo maana watu wanawaamini mpaka leo. Wiki mbili tukatafuta. Mwenye kujua Kichina akaandikiwa, akajibu: na kwa Wachina haipo. Pandit akavua miwani, akasema, «Hii si ya mwenye kitabu. Kuna mtu aliiandika pembeni ya ukurasa, ni mawazo yake mwenyewe. Aliyenakili baada yake akaiingiza ndani.»

Nikamuuliza, angeijuaje kama tafsiri zile zisingekuwepo? Akasema, «Tazama inajibu nini. Inajibu ugomvi uliozuka miaka mia mbili baada ya mwenye kitabu kufa. Maiti hajibu ugomvi asiousikia.»

Baba Mkubwa, nilitoka pale nikakaa kwenye ngazi za mtoni, na sikuwa nafikiri habari za Wabudha. Nilikuwa nafikiri siku ile ya mwaka 1945. Mimi nilikaa chini na kalamu. Wewe ulikaa kitini na karatasi. Ulisoma, nikaandika. Sikuiona karatasi hata mara moja. Ulikuwa umeielekeza kwako. Ulikuwa unasoma haraka, nikakuomba upunguze. Halafu tukafika mwishoni. Ukaiweka karatasi pajani. Ukatazama ukuta, ukaitaja ile sentensi ya Shangazi Tatu taratibu, neno moja moja, wala hukuangalia chini.

Nina swali moja tu, na nitaamini jibu lako. Sentensi ile ulikuwa unaisoma?

Mwanao,
Mabruki


Gongoni, Tabora
14 Julai 1954

Mabruki,

Sote wazima.

Sikukupeleka ng'ambo ukarudi kunihoji. Swali ni la Liwali, si lako. Lako ni mistari miwili.

Mwenye kumkumbuka mtu alivyotazama ukuta miaka tisa iliyopita, basi akumbuke na mengine. Akumbuke nani alimwombea nafasi shuleni. Akumbuke nani alishona sare za watoto wa Wazungu mwaka mzima ili yeye apate sanduku la safari. Sitaendelea, maana wino ni wa kununua.

Tarehe ni 30 Agosti. Ukiniangusha mbele ya watu, usije Gongoni. Shuka stesheni, panda treni nyingine, endelea na safari yako.

Feruzi


Benares
1 Agosti 1954

Shikamoo Baba Mkubwa,

Mvua imeshika, mto umepanda ngazi sita. Wenzangu wanakusalimu, nimewaambia habari zako, zile nzuri, nazo ni nyingi.

Hukunijibu. Kama ungeandika «Ndiyo, niliisoma,» ningetia sahihi siku hiyo hiyo na mashaka yangu ningeyameza. Najua hujawahi kunidanganya kwa maandishi. Nadhani ndiyo maana hukuandika.

Na kuna hili. Sentensi inasema Shangazi asikae nyumbani «hata akiachwa na mumewe». Mwaka 1924 Shangazi alikuwa mtoto wa miaka kumi na miwili. Mume gani? Aliolewa babu akiwa amekwisha kufa, akaachwa mwaka 1945, akarudi chumba cha uani mwezi wa Machi. Mwezi wa Aprili ukaniita kunakili. Babu alijibuje ugomvi ambao haujaanza?

Kauli yangu ni hii, nimeiandika katika karatasi ya peke yake:

«Mimi Mabruki bin Ramadhani nasema mbele ya Mungu. Nakala ya usia wa Songoro ni mwandiko wangu. Niliandika kwa kusomewa na baba yangu mkubwa Feruzi, karatasi ya asili sikuiona. Maneno ya mwisho, yanayomhusu Tatu binti Songoro, aliyataja bila kuangalia karatasi. Siwezi kuapa kwamba yalikuwa ya marehemu.»

Sikuipeleka kwa Liwali. Nimeitia katika bahasha hii, naileta kwako. Ukitaka kuichoma, jiko liko hatua nne kutoka kwenye cherehani, na Liwali ataamua kwa nakala iliyopo. Mimi sitaandika nyingine. Sikuweza kukusemea nyuma ya mgongo wako, na sikuweza kuapa uongo. Nimeogopa sana kuandika barua hii, Baba Mkubwa. Nimeichana mara tatu.

Ulinicheka kuhusu kiti. Lakini nisikilize mara moja tu kama ulivyokuwa ukinisikiliza nikidurusu juzuu. Nimesoma hapa kwamba vitu husimama kwa kuegemeana, nikajiuliza, mwungwana je? Nikaona hawezi kuitwa mwungwana mpaka apatikane mtu wa kuitwa mtumwa. Ukimtoa Shangazi uani, utabaki umeegemea nini? Utatafuta mwingine. Na watu wa Bukene nao wanaegemea kwetu vivyo hivyo, wanatuhitaji tuwe chini kidogo.

Nakupenda, na nyumbani nataka kurudi.

Mwanao,
Mabruki


Benares
20 Septemba 1954

Shikamoo Baba Mkubwa,

Siku ya Liwali imepita wiki tatu sasa. Kila siku naenda kwa karani wa barua, ameshazoea, ananitikisia kichwa nikiwa bado mlangoni. Sikuulizi ulichofanya. Niambie tu kama mama hajambo, na kama Shangazi bado yuko uani. Kama hutaki kuandika, mpe Mussa aandike.

Masomo siyawezi siku hizi. Pandit ameniambia nipumzike, ananiita aliyepotea ukurasa.

Mabruki


Gongoni, Tabora
3 Oktoba 1954

Mwanangu Mabruki,

Marahaba. Mama yako hajambo, yuko chumba chake na dirisha lake, na atakaa humo mpaka achoke mwenyewe. Lile neno nililoandika mwezi wa sita lilikuwa la kishenzi. Nisamehe.

Barua yako ilikuja tarehe 17 Agosti. Nikaisoma, nikaitia mfukoni, nikaendelea kushona. Siku kumi na tatu nilitembea nayo. Jikoni niliingia mara mbili, mke wangu akaniuliza natafuta nini, nikasema chumvi.

Tarehe 30 nikaenda barazani nimevaa kanzu nzuri. Nilikuwa nimejiandaa kusema jibu la Benares halijafika, ndege imechelewa. Watu wa Bukene walikuwapo, wawili, na fimbo zao. Tatu alikuwa amekaa kwenye benchi karibu na mlango. Nilipoingia, akainuka kunipisha. Ananishitaki, na bado anainuka kunipisha! Na miguu yangu mimi ikaenda moja kwa moja, nikakaa pale alipotoka, pakiwa bado na joto lake. Amesimama ukutani, mimi nimekaa. Nikaona haya, Mabruki. Haya ambayo sijapata kuiona tangu nizaliwe.

Karani akauliza kama jibu limekuja. Nikatoa bahasha.

Liwali akaisoma kauli yako kwa sauti. Akaniuliza, «Mzee Feruzi, maneno haya ya mwisho ni ya marehemu au ni yako?» Nikasema ni yangu. Hayo ungeyatarajia, ndiyo uliyoyataka.

Lakini wewe na Pandit wako na huyo mtawa, kwa usomi wenu wote, mlitafuta kilichoongezwa tu. Hamkuuliza kilichotolewa. Karatasi imeliwa na mchwa kweli, hapo sikusema uongo, lakini maneno yake ninayo kichwani tangu mwaka 1924, na nimekaa nayo peke yangu miaka yote hii. Nikamwambia Liwali bado sijamaliza. Nikasimama, nikayasema ya babu yako kama alivyoyasema:

«Mimi Songoro nilinunuliwa nikiwa mtoto, njia ya Ujiji, mimi na Maua siku moja. Tulifungwa kamba moja mpaka Tabora. Kwa hiyo asije mtu baada yangu akamwita yeye mjakazi na mimi akaniita bwana. Nyumba hii ni ya wanangu wote.»

Ndivyo ilivyokuwa. Baba yako aliijua, hakuisema. Siku ile unanakili nilipofika hapo niliruka, ndiyo maana ukaniona nasoma haraka. Nilitaka tuwe watu, Mabruki. Nilitaka mtoto wangu aposee Bukene na kupokewa. Nimekwenda msikitini miaka thelathini nikiitwa mtoto wa kiongozi wa misafara, na kweli alikuja kuwa kiongozi wa misafara, lakini mara ya kwanza kuipita njia ile alikuja amefungwa.

Wazee wa Bukene waliondoka kabla Liwali hajamaliza kusema kwamba Tatu anakaa. Posa imerudi siku ya pili. Mussa hasemi nami. Anapita mbele ya cherehani kama vile hakuna aliyekaa pale. Msikitini wawili watatu wamehamia safu nyingine wasisimame karibu nami. Sijui kama nimefanya vizuri. Kuna siku nakulaani mpaka adhuhuri, halafu nakuombea dua.

Rudi nyumbani ukimaliza. Stesheni nitakuja mwenyewe. Na hao Wabudha wako endelea nao, lakini ualimu usiuache.

Jingine ni hili. Tatu amekuwa akiniita bwana tangu alipojua kusema. Asubuhi hii kapita na ndoo, kasimama, kasema, «Umeamkaje, kaka?» Sikumjibu. Nilikuwa na pini mdomoni. Hilo nakuomba usilichunguze.

Feruzi